Rangi ya Kwanza ya Gari la Ombui

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Kama si mimi, Joash Mogaka, magari yasingefika Nyamache. Naliandika hili wazi kwa sababu watu wameanza kusahau. Daftari hili nimelianza leo ili vitukuu wangu waupate ukweli moja kwa moja kutoka kwangu. Naandika Kiswahili. Orpah, mke wangu, anasoma Ekegusii peke yake, na Injili peke yake.

Habari kubwa. Gari la marehemu baba mkwe, mzee Ombui, linafufuliwa! Lile lile la mwaka 1930, lililolala bandani tangu vita vya Hitler, petroli ilipopotea. Kemuma, kitinda mimba wa mzee, anaolewa Jumapili tarehe ishirini na sita. Kaka yake Ondieki, aliyerithi boma, ameamua kwamba bibi arusi atakwenda kanisani kwa gari la baba yake. Fundi amepatikana Kisii mjini. Anaitwa Shariff.

Boma langu na la wakwe yametenganishwa na kijito tu. Nikavuka kwenda kulikagua. Nilifukuza kuku wawili kwenye kiti cha mbele. Mmoja alikuwa ameatamia, akanidonoa. Rangi: nyeusi ya burashi, imebanduka kama ugonjwa wa ngozi. Chini ya nyeusi kuna kijani. Chini ya kijani, hakuna ajuaye.

Isipokuwa mimi. Nikatangaza palepale: gari hili lilipokuja lilikuwa jekundu kama shungi la jogoo. Nililiona kwa macho yangu likitoka kwa Mzungu wa upande wa Nyansiongo. Mzee Ombui aliponiona njiani alisimama akasema, wewe kijana mwenye mabega, njoo ushike usukani, mimi nimechoka. Hadithi hii nimeisimulia zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyewahi kunipinga.

Leo Ondieki amenipinga. Amesema kijani. Amesema yeye alikulia ndani ya gari hilo na lilikuwa kijani tupu. Nikamwambia, shemeji, mwaka 1930 wewe ulikuwa unakimbia uchi ukifukuzwa na bata mzinga. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ni shemasi.

Jumanne, 7 Agosti

Mkutano kwa Ondieki. Swali: gari lirudishiwe rangi yake ya asili, au lipakwe mpya?

Kemuma alitaka buluu. Alisema arusi ni yake, na magauni ya wasindikizaji ni ya buluu. Ondieki akasema gari si gauni. La baba libaki la baba. Kemuma akamjibu kwamba baba mwenyewe alilibadilisha mara mbili, au alikuwa halijui kuwa ni lake? Msichana ana mdomo. Ondieki akanywa maji.

Mimi nilisema asili, asili, asili. Niligonga meza. Nilitoa sababu tano, ingawa mbili zilinitoka kichwani. Sababu ya sita sikuitaja, naiandika hapa tu: asili ni nyekundu. Ikiwa si nyekundu, hadithi yangu ya 1930 imekufa, na wapwa zangu watajua mjomba wao ni mwongo. Hili si jambo dogo. Mtu akipoteza ng'ombe atapata mwingine. Hadithi ya miaka ishirini atainunua soko gani?

Mama mkwe, Bathsheba, alikuwa chumba cha pili. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawasalimiani kwa mkono, hawasemezani ana kwa ana. Ndiyo heshima. Tunaiita ensoni, na Mkisii asiyeijua hakulelewa. Maneno yote kati yangu na yeye hupita kwa Orpah, anayesimama mlangoni kama posta. Macho ya mama yamefifia siku hizi. Watu anawatambua kwa vishindo vya miguu.

Ondieki akamwuliza mama yake rangi ya kwanza ilikuwa ipi. Posta ikaleta jibu: Nikisema mimi, mtasema macho yamekwisha na akili imefuata. Fundi akwangue, chuma kiseme chenyewe. Rangi kitakayoisema ndiyo niitakayo. Lirudi kama lilivyokuja.

Neno la busara. Chuma hakiwezi kunipinga.

Ndipo Ondieki aliposimama mbele ya watu wote. "Mkwe wetu," akasema, "chuma kikisema nyekundu, siku ya arusi usukani ni wako. Kikisema kijani, usukani wangu, na wewe utatembea nyuma ya gari pamoja na watoto." Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Usukani! Mbele ya Nyamache nzima! Ondieki mwenyewe ameendesha lori la ushirika wa kahawa mara mbili tu, tena kinyumenyume.

Orpah naye alikuwepo nyumbani kwao mwaka 1930, msichana wa miaka kumi na sita. Sikumwuliza. Wanawake hawatazami magari.

Alhamisi, 9 Agosti

Akili yangu haipumziki. Nimefikiri hivi: mwenye neno la mwisho ni mama mkwe. Akiwa upande wangu, hata chuma kikinisaliti nitakuwa na pa kushika. Basi nimemtumia ujumbe. Mkwe wako Joash anaomba kwa unyenyekevu kwamba siku ya arusi wewe mama wa bibi arusi usikanyage vumbi. Ukae ndani ya gari, kiti cha nyuma, pamoja na Kemuma.

Nani mwingine alifikiria hilo? Ondieki, mwana wa kumzaa, hakufikiria.

Orpah aliweka birika chini. Akauliza, Baba Nyamongo, una hakika? Mama akae ndani ya gari lile lile? Nikamwambia kazi ya posta ni kupeleka barua, si kuzisahihisha. Akaenda. Jibu lilirudi kabla chai yangu haijapoa: amekubali. Tena Orpah anasema mama alicheka mpaka akatafuta leso.

Furaha hiyo.

Jumamosi, 11 Agosti

Sabato. Wote wako kanisani. Mimi tumbo. Nilijikunja kitandani mpaka Orpah alipopita kona ya kisima, halafu nikapona.

Nimeamua kukisaidia chuma. Ninao mkebe wa rangi nyekundu uliobaki tulipopaka mabati ya kanisa (kazi hiyo niliisimamia yote, kutoka chini). Nikavuka kijito. Nikachagua mahali pa siri, ndani ya mlango wa dereva, chini. Burashi sikuwa nayo. Nikatafuna kijiti kama mswaki kikawa burashi. Nikapaka mahali pa ukubwa wa kiganja. Juu yake nikasugua masizi ya chungu na mafuta ya taa mpaka pakafanana na penginepo. Kazi safi! Hata Gavana angedanganyika.

Nilipokuwa nikizunguka gari niliona lile bonde, pale bati lilipobonyea kwenye bodi ya nyuma. Bonde hilo ni la mwaka 1938. Naliandika lisisahaulike. Ilikuwa Sabato kama leo, watu kanisani, gari uani. Fahali wa mzee Ombui alikuja kujikuna kwenye gari, breki ikaachia, gari likarudi nyuma, likapita migombani, likagonga ghala la wimbi. Mzee alisema fahali huyo ana pepo, akamchinja. Alikuwa fahali wa kahawia, pembe ya kushoto fupi. Alikuja kutoka upande wa jiko. Alijikuna mara tatu. Mimi sikuwepo. Nilikuwa na tumbo.

Orpah amerudi kanisani na salamu. Mama mkwe ameuliza tumbo langu linaendeleaje, na kama ni lile lile la zamani. Nimeguswa sana. Mama anakumbuka tumbo la mkwe wake!

Jumatatu, 13 Agosti

Leo tumelivuta gari mpaka Kisii mjini. Maksai wanne mbele, kamba ya katani, mimi kwenye usukani. Ondieki alitaka kukaa yeye. Nikamwuliza nani kati yetu alikuwa jeshini kwenye malori. Akaenda kushika kamba. (Nilikuwa kwenye malori. Nilikuwa nyuma, na masufuria.)

Safari ya heshima. Watu walitoka mashambani kututazama. Nilinyoosha mkono kuwasalimia kila upande, kwa hiyo usukani ulikuwa huru kidogo, na gari lilitembelea mtaro kwa muda.

Tatizo dogo karibu na soko la Daraja Mbili. Kuna mteremko pale. Maksai walisimama kunywa maji. Gari halikusimama. Ondieki akapiga kelele, breki! Nikakanyaga. Kulikuwa na makanyagio matatu, nikayakanyaga yote kwa zamu, halafu nikapiga honi. Honi ya mpira, haijalia miaka kumi na miwili, ikalia! Maksai wakatimua mbio upande mmoja na gari likaenda upande mwingine, likaingia kwenye rundo la ndizi za mama mmoja na kutulia vizuri sana.

Mama yule alisimama juu yangu, mikono kiunoni. "Baba mzima! Gari halina injini, linavutwa na ng'ombe, na bado limekushinda?" Soko zima lilicheka. Nilimweleza kwamba nilikuwa napima springi. Akasema nipime na bei ya ndizi. Ondieki alimalizana naye. Mimi nilikuwa naangalia magurudumu.

Tumelifikisha kwa Shariff bila jambo lolote.

Jumatano, 15 Agosti

Siku mbaya.

Shariff ni mtu wa mjini, mpole, kofia safi hata akiwa chini ya gari. Baba yake alikuja na biashara kutoka pwani, mama yake ni wa hapa hapa. Kiswahili chake kinamfanya mtu apange maneno kabla ya kusema. Mkewe Mariam alituletea chai ya tangawizi. Injini ameshaifungua, anasema itaamka.

Tukafika kwenye rangi. Nikamwambia, fundi, mimi kama mtaalamu nakushauri uanzie ndani ya mlango wa dereva, chini, hapa hasa. Akasugua kwa msasa. Nyekundu! Nikaruka juu. Nikasema mmeona? Shungi la jogoo!

Shariff hakuruka. Alinusa. Akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikatoka chekundu. Akaendelea kusugua polepole, bila haraka, kama anayemenya yai. Chini ya nyekundu, nyeusi. Chini ya nyeusi, kijani. Akajifuta mkono.

"Ajabu, Bwana Joash," akasema. "Rangi hii ya kwanza imezaliwa baada ya wajukuu wake."

Sikuwa nimelifikiria hilo la tabaka. Ondieki alikitazama kile kidole, akasema rangi hiyo anaijua, hukaa juu ya kichwa chake kila Sabato. Nikasema yawezekana kuna mtu mwenye wivu ameingia bandani kuniharibia jina. Mariam akaniuliza kama naongeza chai. Niliongeza.

Ondieki naye hakufurahi muda mrefu. Akasema basi ni kijani, usukani wangu. Shariff akatikisa kichwa. Chini ya kijani aliona mikwaruzo ya msasa wa zamani, maana yake kulikuwa na rangi nyingine, ikakwanguliwa yote kabla ya kijani kupakwa. Ya kwanza tutaipata mahali ambapo msasa na burashi havikufika. Ijumaa atang'oa milango aangalie ndani ya bawaba.

Ondieki akamwuliza, fundi, kwa nini tusipake tu rangi nzuri tukamaliza? Shariff akasema yeye atapaka hata milia wakitaka. Lakini akipaka rangi mpya, watu watasifu rangi. Akilirudishia yake, watamkumbuka mzee.

Ondieki akakohoa. Akasema, haya, ng'oa milango.

Ijumaa, 17 Agosti

Siku mbaya zaidi. Naandika kwa ufupi.

Tulikwenda mimi, Ondieki na Orpah. Orpah alisema mama yake amemtuma akatazame badala ya macho yake.

Shariff aling'oa mlango wa abiria. Ndani ya bawaba hamna kitu, kutu imekula yote. Akang'oa wa dereva. Akachungulia. Akasema kuna kitu kimeziba. Akaingiza koleo, akavuta, kikatoka kitambaa kigumu kwa grisi, kikubwa kama sahani. Akakitandaza juu ya boneti. Ndani ya bawaba, pale kitambaa kilipokuwa kimeshikilia grisi, kutu haikugusa. Palikuwa na rangi. Safi kama jana.

Si nyekundu. Si kijani. Rangi ya maziwa. Maziwa ya asubuhi, yenye mtandio wa malai juu.

Ondieki aliangalia rangi. Shariff aliangalia rangi. Orpah aliangalia kitambaa.

Kilikuwa cha kaki, na katikati yake kiraka cha kitambaa cha marekani, cha buluu, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Orpah alipitisha kidole kwenye uzi.

"Baba Nyamongo," akasema, "kiraka hiki nilikishona mimi. Suruali hii uliniambia iliraruliwa na chui."

Nikasema chui wa siku zile walikuwa wengi. Ondieki, ambaye akili yake huja kwa miguu, akauliza: chui ndani ya gari? Shariff akaondoka kwenda kutafuta koleo. Koleo lilikuwa mkononi mwake.

Sasa ukweli, kwa kuwa hili ni daftari langu. Mwaka 1938 niliingia garini kukaa tu. Kukaa si kosa. Palikuwa na mti wa chuma pembeni mwa kiti, na mtu akiona mti wa chuma lazima ajue unaelekea wapi. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikaruka. Mlango ukajifunga. Mimi nilikuwa nje, na makalio ya suruali yalikuwa ndani, yamebanwa kwenye bawaba. Nikakimbia kupitia migombani hivyohivyo nilivyokuwa. Fahali alikuwa amesimama karibu, anatafuna. Hakufanya lolote. Waliporudi kanisani, ndiye waliyemkuta.

Nilimwuliza Orpah njiani kama aliijua ile rangi ya maziwa. Akasema aliijua tangu zamani. Alikuwa akiliosha gari lile yeye na mama yake kila Ijumaa. Nikasema, mbona hukusema? Akasema, hukuniuliza.

Jumapili, 19 Agosti

Sijatoka nje tangu juzi. Tumbo. La kweli safari hii.

Leo ujumbe kutoka kwa mama mkwe. Orpah aliusema akitazama ukuta. Sabato ile ya 1938 Kemuma alikuwa na surua, umri miaka miwili, na mama alibaki naye jikoni. Dirisha la jiko linatazama uani. Aliona yote. Aliona gari, aliona fahali akitafuna, na aliona mkwe wake akikatiza migombani. Sasa angemwambia nani? Mama mkwe gani atasimama mbele ya mumewe akaeleza ni upande gani wa mkwe wake aliouona? Ensoni ikamfunga mdomo. Fahali akaenda. Miaka kumi na minane.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: Mwambie mkwe wangu, fahali anamsalimia.

Nikauelewa. Arusi bado haina fahali wa kuchinja, Ondieki amekuwa akizunguka vijijini akitafuta. Nimemfungua Sajini, fahali wangu mwenyewe, niliyemwita kwa cheo nilichokaribia kupewa jeshini. Nimemvusha kijito kwa mkono wangu. Nimesema ni zawadi kutoka moyoni. Ondieki akasema asante, moyo umechelewa kidogo lakini umefika.

Jioni nimetulia, nikaona jambo. Chuma hakikusema nyekundu. Lakini hakikusema kijani! Ondieki naye ameshindwa. Usukani hauna mwenyewe. Na kati yetu mkubwa kwa umri ni nani?

Ijumaa, 24 Agosti

Gari limekwisha. Lazima niseme ukweli: linapendeza. Bodi rangi ya maziwa, madigadi nyeusi kama Orpah na mama yake walivyoeleza. Shariff alichanganya rangi siku mbili, tone la manjano, tone la kahawia, akilinganisha na ile ya kwenye bawaba mpaka Mariam mwenyewe akashindwa kutofautisha. Kemuma, aliyetaka buluu, alilizunguka mara mbili. Hakutaja buluu. Alisema atawabadilishia wasindikizaji vitambaa vya kichwa.

Na injini inanguruma!

Nikamvuta Ondieki kando. Nikamweleza: wote tumeshindwa, kwa hiyo jambo linakwenda kwa umri, na kwa umri ni mimi. Nilijiandaa kwa ubishi wa saa nzima. Akasema, chukua shemeji, usukani wako.

Hivyo tu! Nikafungua mlango. Nikakaa. Nikashika.

Orpah akainama dirishani. Akauliza taratibu, na mama atakaa wapi?

Nikasema kiti cha nyuma, kama mimi mwenyewe nilivyo...



Kiti cha nyuma. Magoti yake yakigusa mgongo wangu. Mkwe na mama mkwe ndani ya sanduku moja lenye magurudumu, kutoka nyumbani mpaka kanisani, Nyamache nzima ikitazama. Niliomba mwenyewe! Kwa unyenyekevu! Nikawatazama usoni mmoja mmoja. Ondieki alilijua hilo tangu tarehe tisa. Orpah alijua. Mama alijua, ndiyo maana alitafuta leso.

Nikapendekeza tutundike blanketi katikati. Shariff akauliza, kwa sauti ya kazi kabisa, blanketi la rangi gani? Ondieki alilazimika kushika ukuta.

Nimeshuka. Ondieki naye amesema hataki kumpeleka mama yake mtaroni. Shariff ndiye atakayeendesha.

Jumapili, 26 Agosti

Arusi.

Mimi nilikuwa nyuma ya ghala mapema, mahali panapomfaa mkwe, ambapo unaona uani bila kuonekana. Shariff alikuwa amelisimamisha gari karibu na lango usiku wa jana, likiwa limefunikwa turubai. Wakamtoa mama mkwe barazani, Orpah upande mmoja, Kemuma upande mwingine, gauni jeupe. Ondieki akavuta turubai.

Mama alisimama. Hakuna aliyemwambia kitu. Akainua mkono akaelekeza langoni moja kwa moja.

"Lile pale," akasema. "Naliona."

Orpah alinieleza baadaye. Lilipokuwa jeusi, kwa macho ya mama lilikuwa shimo. Likiwa kijani lingepotea migombani. Lakini weupe wa maziwa bado macho yake yanaupokea. Akatembea kulielekea bila kushikwa. Akapapasa boneti, akapapasa mlango wa dereva, akafika kwenye bawaba, kidole kikasimama hapo kidogo. "Alikuja hivihivi," akasema. "Ombui alikuja hivihivi, akapiga honi, nikamwaga maziwa."

Shariff akapiga honi.

Vumbi liliniingia machoni pale nyuma ya ghala. Gari lilikuwa bado halijawashwa.

Kisha likawashwa. Nilitembea nyuma yake pamoja na watoto, mpaka kanisani. Vumbi la pili hilo.

Jumanne, 28 Agosti

Mambo yametulia, na watu wanaanza kuelewa. Wapwa zangu walikuja jana kuniuliza habari za kitambaa. Niliwaeleza. Mwaka 1938 nilitazama lile gari nikaona kutu inakuja, miaka mingi kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona. Nikaingiza kitambaa kwenye bawaba kwa makusudi, kuhifadhi rangi ya mzee. Nilijitolea suruali. Kama si suruali yangu, leo gari lingekuwa kijani, na mama mkwe angekuwa anapapasa migomba. Mmoja akauliza, na nyekundu, mjomba? Nikamwambia nyekundu ni rangi ya chini kabisa, huonekana na wataalamu peke yao.

Habari nyingine njema. Kuna Mzungu huko Nyansiongo mwenye trekta kuukuu. Anataka kulirudishia rangi yake ya kwanza na hakuna mfanyakazi anayeikumbuka. Nimeshatuma neno. Nililiona kwa macho yangu lilipoteremshwa Kisumu. Lilikuwa jekundu. Nakwenda Jumamosi wakiwa kanisani, nitasema tumbo. Mkebe bado una kidogo, na safari hii nitakwangua kwanza mpaka chini ndipo nipake.

Jambo moja la mwisho, kisha nifunge daftari. Nyama ya Sajini ilikuwa ngumu. Wageni walitafuna wakitazamana. Yule wa 1938 alikuwa laini, na nundu yake ilikuwa na mafuta matamu. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliomba sahani ya pili, na mama mkwe ndiye aliyeipakua kule jikoni akaituma kwangu, imejaa, bila neno lolote. Niliimaliza.